Laptopu kuukuu inayozimazima: anza na diski, RAM ifuate

Watu wengi wanaoniletea laptopu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hufika wakiwa wameshaamua. "Fundi, niongezee RAM," wanasema hata kabla hawajaketi. Rafiki amewaambia, au muuzaji, kwamba laptopu ikiwa nzito dawa yake ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Mara nyingi sivyo. Mashine za miaka kumi na zaidi zinazofika mezani kwangu huchoshwa kwanza na diski ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka ndani. RAM ndogo huja ya pili. Ukigeuza mpangilio huo, pesa itatoka, laptopu itabaki na ugonjwa wake, na kazi zako zitaendelea kulala juu ya diski inayokufa.

Nitaeleza kazi yote jinsi ninavyoifanya, nikitumia mashine moja kama mfano: ThinkPad X230 ya mwalimu wa sekondari. Aina hiyo ilitoka mwaka 2012 na bado inanijia mara kwa mara, kwa sababu ni imara na inafunguka kirahisi. Mwalimu aliniambia kwamba kila akifungua Excel ya alama mashine inaganda, inakuja skrini ya bluu, kisha inajiwasha upya. Ndani mlikuwa na alama za mihula kadhaa, pamoja na zile za kazi za darasani ambazo walimu sasa wanazipeleka UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Nakala hakuwa nayo popote.

Data kwanza, bisibisi baadaye

Diski inayokufa imebakiwa na saa zake, na hakuna anayezijua. Kila unapoiwasha unazitumia. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, kabla ya kusakinisha programu yoyote, toa kazi zako.

Kama Windows bado inafunguka, chomeka fulashi au diski ya nje, unakili. Nakili tu, usihamishe. Anza na vitu vidogo visivyo na mbadala: hati, alama, barua, hesabu za biashara, picha za familia. Sinema ziache mwisho, zinapatikana tena. Watu hukumbuka folda ya Documents wakasahau kwamba maisha yao yote yako kwenye Desktop na Downloads, basi fungua zote tatu. Angalia pia nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Jambo moja nakuomba usilifanye: usiendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, kwenye diski unayoishuku. Amri hiyo inailazimisha diski kusoma kila pembe yake, na diski dhaifu inaweza kuishia hapo hapo kabla hujaokoa hata faili moja. Naona vijana wakiianza kama hatua ya kwanza, na inaniuma.

Windows isipofunguka, data huenda bado ipo. Tengeneza fulashi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, kwenye kompyuta nyingine kwa kutumia programu ya Rufus, uiwashie laptopu kutoka hapo. Kwenye ThinkPad na Dell bonyeza F12 mara tu unapowasha ili uchague fulashi, kwenye HP ni F9. Mint itafunguka bila kugusa diski yako. Fungua diski kama folda ya kawaida, unakili unachotaka. Ikikuambia kwamba diski inasomeka tu na haiandikiki, usihangaike. Mara nyingi ni kwa sababu Windows haikuzimwa kabisa, na wewe kwa sasa unahitaji kusoma tu.

Ikiwa kunakili kunakwama kila mara, tumia ddrescue, programu ya kuokoa data. Kwenye Mint inasakinishwa kwa jina gddrescue. Uzuri wake ni kwamba inachukua kwanza sehemu nzima za diski, inaruka zile mbovu, kisha inazirudia mwishoni. Unahitaji diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko diski nzima ya laptopu, iliyofomatiwa kwa NTFS au ext4. FAT32 haitafaa kwa sababu haipokei faili linalozidi GB 4. Kwanza andika `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL` ujue ipi ni ipi. Kisha ingia kwenye folda ya diski ya nje na uandike:

`sudo ddrescue -n /dev/sda diski.img ramani.log`

Hapo nimechukulia kwamba diski ya laptopu ndiyo sda. Hakikisha kwa macho yako, kwa sababu ukigeuza chanzo na mwisho utaandika juu ya kile unachokiokoa. Faili la ramani ndilo linalokumbuka kazi ilipofika. Likiwa kwenye diski ya nje, stima ikikatika usiku utaendelea kesho pale pale. Ikimaliza, rudia amri hiyo hiyo ukiweka `-d -r3` mahali pa `-n`, ili ijaribu tena zile sehemu zilizogoma.

Diski ikitoa mlio wa kugonga, tik, tik, tik, zima hapo hapo. Kichwa cha kusomea kimeharibika, na kila ukiwasha kinaweza kukwaruza sahani. Kama kilichomo ndani kina thamani kubwa, hiyo ni kazi ya wenye vifaa maalumu. Mezani kwangu haiwezekani, na mteja namwambia wazi.

Tafuta ugonjwa kabla ya kununua

Laptopu inayozima ovyo inaweza kuwa na ugonjwa wa diski, wa RAM, wa joto au wa umeme. Dalili zinafanana, vipimo ni tofauti.

Diski naipima kwa CrystalDiskInfo. Ni programu ndogo ya bure, inasoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe inaziandika kuhusu afya yake. Bluu na neno Good ni nzuri. Njano na Caution, anza safari ya kuiaga. Usiishie kwenye rangi, tazama mistari mitatu: 05, C5 na C6. Wa kwanza unaonyesha sekta, yaani vipande vidogo vya diski, ambazo diski imezistaafisha na kuzibadilisha, wa pili zile zinazosubiri kuamuliwa, wa tatu zile zilizoshindikana kabisa. Thamani ghafi huonyeshwa kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita, kwa hiyo ukiona herufi kati ya namba usidhani programu imeharibika. Kwenye menyu kuna mahali pa kuibadilisha iwe namba za kawaida. C5 ikiongezeka kutoka leo hadi kesho, hakuna la kujadili. C7 ikipanda peke yake, shuku kebo au kiunganishi kabla ya kuilaumu diski.

RAM naipima kwa MemTest86+, nayo inawashwa kutoka kwenye fulashi, nje ya Windows. Iache ipite mzunguko mzima angalau mara moja, na ukiweza iache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kusema kuna ubovu. Hakuna RAM yenye makosa machache ya kuvumilika, kwa sababu kosa hilo hilo ndilo litakaloingia kwenye faili la alama na kulihifadhi likiwa limeharibika. Kama laptopu ina RAM mbili, pima moja moja, tundu moja baada ya jingine, ili ujue kama mbovu ni RAM au ni tundu. Kwetu, ambako kiangazi kinaleta vumbi hadi ndani ya kabati, mara nyingine ugonjwa ni uchafu kwenye meno ya dhahabu. Yasugue taratibu kwa ufutio mweupe, pangusa kwa spiriti safi ya aisopropili, iache ikauke, rudisha na upime tena.

Joto lina tabia yake. Mashine inafanya kazi vizuri dakika kumi au ishirini, feni inapiga kelele, kisha inazima mara moja bila skrini ya bluu. Prosesa inajikinga. Ile ya X230 yenye i5-3320M ina kikomo cha nyuzi 105. Hapo unasafisha feni na kubadilisha grisi ya prosesa. SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na sahani zinazozunguka, haitakusaidia hata kidogo.

Kuhusu umeme, andika `powercfg /batteryreport` kwenye Command Prompt. Windows itakutengenezea ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Betri ikiwa imekufa, laptopu inategemea stima ya ukutani peke yake, na kila ikikatika ni sawa na kuchomoa kamba katikati ya kuandika. Mafaili ya mfumo huharibika hivyo, na mwenye laptopu hudhani ni virusi. Tazama pia chaja. X230 inataka volti 20 na ampea 3.25, yaani wati 65. Chaja ya wati 90 ya aina hiyo hiyo nayo inafaa. Chaja nyepesi isiyo na maandishi yanayoeleweka usiiamini.

Majibu ya mashine ya mwalimu yalikuwa haya: diski ilikuwa Caution, mstari wa 05 na wa C5 yote ikiwa na namba. RAM ilipita bila kosa, lakini ilikuwa GB 4 tu, na akifungua Excel, kivinjari na WhatsApp ilijaa karibu yote. Betri ilikuwa imebaki na chini ya theluthi ya uwezo wake. Nikamwambia, "Mwalimu, kuna vitu vitatu, na tukikosa pesa ya vyote tunaanza na diski."

Sababu yake inafaa kueleweka. RAM ikijaa, Windows huandika kinachozidi kwenye diski ili ipate nafasi. Diski inayozunguka hutafuta vitu vidogo vidogo karibu mara mia moja tu kwa sekunde, kwa sababu kichwa chake lazima kisafiri juu ya sahani. SSD haina kinachosafiri, inafanya kazi hiyo maelfu kwa maelfu ya mara. Kwa faili kubwa zinazosomwa mfululizo, ya zamani hutoa kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA, yaani yenye kiunganishi kile kile cha diski ya zamani, hupita 500. Kwa hiyo hata ukibaki na RAM ndogo, kinachomwagika kinaangukia mahali pepesi. Ukiongeza RAM na kuacha diski mbovu, Windows bado itafunguka kwa dakika nyingi, na sekta mbovu bado zitaleta skrini ya bluu.

Kununua bila kupunjwa

Kabla hujatuma pesa, fungua laptopu usome kibandiko cha RAM iliyomo. Kibandiko hakidanganyi kama kumbukumbu ya mtu inavyodanganya. Kwenye X230 utaona DDR3, na mara nyingi PC3-12800S au PC3L-12800S, ambayo ni kasi ya 1600. Herufi L inamaanisha volti 1.35 badala ya 1.5. Ushauri wangu ni kununua yenye L daima, kwa sababu inakubali volti zote mbili, ilhali laptopu nyingi za kizazi cha nne cha Intel, kama HP EliteBook 840 G1, zinataka 1.35 na isiyo na L haziitaki. DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR3 kwa vyovyote, pengo lake liko mahali pengine. Ikigoma kuingia usiilazimishe. X230 ina matundu mawili na inabeba hadi GB 16 kwa jumla. Zipo laptopu ambazo RAM imechomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu), na nyingine kama ThinkPad T440 zina GB 4 zilizochomelewa na tundu moja tu la kuongeza. Juu ya hayo, Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 hata uweke ngapi. Angalia kwenye System kwamba imeandikwa 64-bit.

Kwa SSD, laptopu za umri huu nyingi zinataka ya inchi 2.5 yenye SATA. Unene uwe milimita 7, kwa sababu X230 haipokei nene zaidi. Zile ndogo za M.2 ni ulimwengu mwingine: kuna za SATA na kuna za NVMe, na zinafanana machoni pa asiyejua, kwa hiyo usinunue ya M.2 bila kuthibitisha kwamba laptopu yako ina tundu lake na ni la aina gani. Kuhusu ukubwa, GB 240 au 256 zinamtosha mwalimu, mwanafunzi na mwenye duka. Diski ya zamani ya GB 320 au 500 ikiwa imejaa sinema, sinema zikae nje.

Sasa kuhusu bandia, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wa mbali na Kampala wanapoumia. Ukinunua kwenye maduka ya katikati ya jiji, pale Kampala Road au William Street, na kifurushi kikaja na basi la usiku, kitu kibovu kinapaswa kurudi karibu kilomita 500. Wengi wanakata tamaa na kukaa nacho. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike kabla ya kifurushi kupakiwa. Mwombe muuzaji achomeke SSD kwenye kompyuta yake, afungue CrystalDiskInfo, apige picha na kukutumia kwa WhatsApp. Picha hiyo inaonyesha jina la kifaa, ukubwa, saa kilizofanya kazi na mara kilizowashwa. Kitu kinachouzwa kama kipya kiwe na saa chache sana. Kikiwa na maelfu ya saa, ni mtumba, na bei iwe ya mtumba. Muuzaji mwaminifu hakatai ombi hilo. Namba ya kifaa iandikwe kwenye risiti.

Kikifika, kabla ya kuweka data yako, kijaze chote kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizi zinaandika mpaka mwisho na kusoma tena kilichoandikwa. SSD zinazojitangaza TB 2 kwa bei ya GB 128 huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya kasha, imefundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa wake. Inakubali mafaili yako yote kwa furaha, kisha yaliyopita uwezo wake halisi hayasomeki tena. Jina kubwa kwenye kasha halikulindi, kwa sababu wanaoghushi wanapenda hasa majina makubwa.

Kufungua

Zima kabisa, si kulaza. Chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe. Laptopu zenye betri ya ndani, ThinkPad nyingi za baadaye zikiwemo, zina chaguo la kuizima betri hiyo kabla ya kufungua, kwenye bayosi, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows. Litumie. Fanya kazi juu ya meza ya mbao, mbali na blanketi na zulia, na kabla ya kugusa chochote shika chuma kisichopakwa rangi, kwa mfano nondo za dirisha. Mwezi wa Januari, hewa ikiwa kavu, umeme tuli wa mkononi unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi kitu.

Kwenye X230 diski iko ubavuni. Kuna skrubu moja chini inayoshika kifuniko chake. Ilegeze, toa kifuniko, utaona ulimi wa plastiki. Uvute taratibu, diski itateleza nje. Ina reli mbili za mpira pembeni, zitoe uzivishe SSD, kwa sababu bila hizo itacheza ndani na kulegeza kiunganishi. Iingize upande ule ule, isukume mpaka ikae. Isipokaa, itoe utazame kama umeigeuza.

RAM iko chini ya kifuniko kingine chenye skrubu mbili. Sukuma vishikizo viwili vya pembeni kwenda nje, RAM itainuka yenyewe ikiwa imelala mshazari. Ishike kwa kingo zake. Mpya inaingia kwa mshazari huo huo, pengo likikutana na jino la tundu, mpaka meno ya dhahabu yakaribie kutoonekana. Kisha ibonyeze chini hadi usikie vishikizo vikifunga pande zote mbili. Upande mmoja ukifunga na mwingine haujafunga, haijaingia. Mwalimu tulimwachia ile ya GB 4 na kumwongezea ya GB 8. Si lazima zilingane, ingawa mbili sawa hufanya kazi kwa wepesi zaidi kidogo.

Kabla ya kurudisha skrubu zote, rudisha betri, washa na uingie bayosi. Kwenye ThinkPad ni F1, kwenye HP F10, kwenye Dell F2. Tazama kama RAM imehesabiwa yote na kama jina la SSD linaonekana. Kuwasha mara ya kwanza kunaweza kuchelewa kidogo. Ikilia bipu na skrini kubaki nyeusi, mara nyingi RAM haikukaa sawa: itoe, irudishe, au jaribu moja peke yake.

Kuhamisha mfumo au kupiga Windows upya

Kama diski ya zamani ni nzima na unaibadilisha kwa ajili ya kasi tu, unaweza kuihamisha yote jinsi ilivyo kwa Clonezilla, SSD ikiwa kwenye kasha la USB. Clonezilla kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Lakini kama diski ilikuwa na sekta mbovu, mimi sihamishi mfumo. Utakuwa umehamisha na mafaili yaliyoharibika, na skrini ya bluu itakufuata kwenye SSD. Napiga mfumo upya, kisha narudisha data kutoka kwenye nakala.

Mfumo gani? X230 ina prosesa ya kizazi cha tatu, na Windows 11 inadai kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Windows 10 nayo iliisha muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imeweka mpango wa masasisho ya usalama ya ziada kwa watu binafsi hadi Oktoba 2026, lakini lazima ujiandikishe kwenye mipangilio ya Windows Update. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuandika, kuhesabu na kufungua kivinjari, napendekeza Linux Mint bila kusita. Inasasishwa, haina gharama, na kwenye mashine yenye GB 8 au 12 na SSD inakwenda vizuri sana. LibreOffice inafungua mafaili ya Excel, ingawa yenye makro nyingi, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, huleta shida. Mwalimu alikuwa na faili la shule lenye makro, hivyo tulibaki na Windows 10 na kuiandikisha kwenye mpango huo.

Faili la kusakinishia ni GB kadhaa. Lipakue mara moja kwa bando la usiku, ulihifadhi kwenye fulashi ya GB 8 au zaidi, na majirani watalitumia pia. Kama Windows 10 ilikuwa halali na imesajiliwa kwenye mashine hiyo hiyo, ukifika kwenye ufunguo chagua kwamba huna. Itajitambua ikipata intaneti, kwa sababu usajili unafuata mazabodi, haufuati diski. Ikiunganishwa, iwekee alama ya muunganisho wa kupimwa (metered connection), ama sivyo masasisho yatakula bando lako lote kabla hujafungua barua pepe moja.

Siku za kwanza na diski ya zamani

Hakikisha TRIM, njia ya mfumo kuiambia SSD ni nafasi zipi zimefutwa, imewashwa: `fsutil behavior query DisableDeleteNotify` ikijibu 0, iko sawa. Kwenye Mint, angalia kwamba fstrim.timer inafanya kazi. Usiipange SSD upya kwa programu za kupanga diski (defrag), haihitaji na unaichosha bure. Iachie nafasi tupu, angalau sehemu moja ya kumi. Usizime faili la kubadilishana la Windows, lile linalopokea kinachozidi RAM, eti kwa sababu sasa una RAM nyingi.

Kwa wiki mbili za mwanzo usifute nakala uliyotoa, na fungua CrystalDiskInfo mara moja moja uone kama namba zimetulia. Skrini ya bluu ikirudi, andika jina la kosa linalotajwa chini yake na upime RAM mpya peke yake. Betri usiiahirishe sana. SSD za bei ya kawaida hazina kinga ya kukatika umeme ghafla, na betri inayoshika hata dakika ishirini inakupa muda wa kuhifadhi na kuzima vizuri.

Diski ya zamani, kama ilikuwa nzima, ivalishe kasha la USB iwe ya kuwekea nakala. Kama ni mbovu usiitumie kwa lolote, na usiiuze wala kumpa mtu kwa sababu tu haiwaki. Sekta nyingi bado zinasomeka, na ya mwalimu ilikuwa na majina na alama za watoto wa watu. Toboa sahani zake kwa drili au zipige nyundo mpaka zipinde. Za ukubwa huu mara nyingi ni za kioo na hupasuka vipande vikali, kwa hiyo ifunge kwanza kwenye kitambaa kizito na uvae miwani ya kulinda macho.